TestDisk, PhotoRec au ext4magic? Kuchagua njia ya kurudisha mafaili yaliyofutwa kwenye Linux

Mtu akifuta faili kwa bahati mbaya, la kwanza kumtoka mdomoni ni "programu gani nzuri?" Mimi huwa namrudishia swali: faili lilikuwa limekaa wapi? Kwenye kadi ya kamera, kwenye flashi, kwenye diski ya kuzunguka ya kompyuta ya zamani, au kwenye SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani) ya laptopu mpya? Programu inayookoa kadi nzima ya kamera inaweza kutoka mikono mitupu kwenye SSD. Na ile inayorudisha folda na majina yake kwenye diski ya Linux haiwezi kitu mbele ya flashi ya FAT32. Ulinganisho huu nimewaandikia wenzangu wa Unguja na Pemba wanaofanyia kazi kwenye Linux: wapiga picha wa harusi, walimu wa skuli, wanafunzi wa chuo, makarani wenye hesabu za karafuu, na mafundi wanaoletewa mashine na watu ambao nyuso zao zimeshabadilika rangi.

Kabla ya programu yoyote

Mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kupanga mafaili kwenye diski (FAT32, exFAT, NTFS, ext4, btrfs na kadhalika), ukiamriwa ufute, mara nyingi hauigusi data yenyewe. Unaliondoa jina kwenye folda na kuandika kwamba nafasi ile sasa iko wazi. Ni kama kiwanja kilichofutwa jina la mwenyewe kwenye daftari la sheha: nyumba bado imesimama, lakini mtu mwingine anaweza kupewa kiwanja hicho akajenga juu yake. Kila kinachoandikwa kwenye diski baada ya hapo, hata vipande vya kurasa ambavyo kivinjari hujiwekea bila kukuuliza, kinaweza kuangukia pale pale faili lako lilipokuwa.

Kwa hiyo kukimbilia `sudo apt install testdisk` kwenye diski ile ile iliyopoteza faili ni hatari kuliko kufuta kwenyewe. Kifurushi kinashuka, kinafunguliwa, kinaandikwa, na kinaweza kufunika kile kile unachokitafuta. Kama faili lilikuwa kwenye flashi au kadi, hakuna tabu: ichomoe kwanza, halafu sakinisha utakacho kwenye kompyuta. Kama lilikuwa kwenye diski ya kompyuta yenyewe, iwashe kompyuta kwa flashi ya SystemRescue (Linux ya uokoaji), ambayo ndani yake tayari kuna TestDisk, PhotoRec na ddrescue. Nawasihi sana mlio mbali na mji, Micheweni, Makunduchi, Nungwi: ipakueni siku mnayokuwa na bando la kutosha, muiweke kwenye flashi yake peke yake. Siku ya msiba si siku ya kuanza kupakua.

Ila kuna mambo mawili ya kuangalia kabla hujaizima mashine, kwa sababu la pili likizimwa halirudi tena.

La kwanza ni taka. Ukifuta kwa kipanya ndani ya madirisha ya GNOME, KDE au Cinnamon, faili linahamia `~/.local/share/Trash/files`. Kwa flashi, taka inakaa ndani ya flashi yenyewe, kwenye folda iliyofichwa inayoitwa `.Trash-1000`, ambapo 1000 ni namba ya mtumiaji. Bonyeza Ctrl+H utaiona. Wengi wanaolalamika kuwa flashi imejaa na haina kitu ndani yake, mafaili yao yamo humo. Lakini aliyetumia `rm` kwenye terminali, au aliyebonyeza Shift+Delete, huko asitafute kitu.

La pili wengi hawalijui. Linux hailiachilii faili lililofutwa maadamu kuna programu iliyolishika wazi. Sema umefuta video ambayo kichezeshi bado kinaicheza, au rekodi ya mazoezi ya taarabu ambayo programu ya kurekodi inaendelea kuiandika. Jina limekwenda, data ipo nzima. Fungua terminali:

`sudo lsof +L1`

Utaletewa orodha ya mafaili yaliyofutwa lakini bado yameshikwa. Tazama safu ya PID (namba ya programu) na safu ya FD (namba ya faili ndani ya programu hiyo). Kama PID ni 4182 na FD ni 27r, basi:

`sudo cp /proc/4182/fd/27 /media/amani/flashi/mazoezi.wav`

Faili zima limerudi, bila programu yoyote ya uokoaji. Kama bado kuna programu inayoliandika, isimamishe kurekodi kwanza bila kuifunga, ndipo unakili. Hii ndiyo njia bora kuliko zote zitakazofuata, na ndiyo pekee inayotaka mashine isizimwe. Kwa maandishi yaliyo wazi ndani ya LibreOffice ni rahisi zaidi: hifadhi upya kwa jina jingine, kwenye flashi.

SSD: jua ukweli mapema

Nimeiweka SSD mbele kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza usiku mzima na pesa juu yake. Diski ya kuzunguka ikifutwa faili, data inabaki mpaka ifunikwe na nyingine. SSD ni habari nyingine: Linux huiambia, kwa amri inayoitwa TRIM, kwamba sehemu fulani hazitumiki tena. Baada ya hapo SSD nyingi zikisomwa sehemu zile hujibu sifuri tupu, na hakuna programu ya kawaida, ya bure wala ya kulipia, inayopita nyuma ya sifuri hizo.

Kwenye Ubuntu na jamaa zake, TRIM hupita mara moja kwa wiki kupitia `fstrim.timer`. Maana yake, aliyefuta leo na akagundua leo bado ana nafasi, mradi patisheni (sehemu ya diski iliyotengwa) haikupachikwa kwa chaguo la `discard`, ambalo hutuma TRIM papo hapo. Fedora ndiyo ya kuharakishia zaidi. Tangu toleo la 33 la mwaka 2020, toleo lake la kompyuta za mezani huweka btrfs kama mfumo wake wa kawaida, na kuanzia kerneli (kiini cha Linux) ya 6.2 ya mwaka 2023 btrfs yenyewe hutuma TRIM kwa nyuma, muda mfupi tu baada ya kufuta.

Kujua kama diski yako inaipokea TRIM, andika `lsblk -D`. Safu ya DISC-GRAN ikiwa na namba isiyo sifuri, inaipokea. Kama ndiyo kwanza umefuta, andika `sudo systemctl stop fstrim.timer`, kisha zima na uwashe kwa flashi ya uokoaji. Kama ulifuta wiki mbili zilizopita na `fstrim.timer` imekuwa ikifanya kazi yake, sikufichi: usimlipe mtu yeyote akuambie "nitajaribu". Tafuta nakala kwenye barua pepe uliyomtumia mtu, kwenye simu, kwenye WhatsApp ya uliyemgawia. Huko kuna matumaini zaidi.

Kadi za kamera na flashi za kawaida mara nyingi hazina habari na TRIM, ndiyo maana kazi yake huwa na heri.

TestDisk na PhotoRec: ndugu wa nyumba moja, kazi mbalimbali

Zote mbili zimeandikwa na Christophe Grenier wa Ufaransa, zote ni za bure na msimbo wake uko wazi, na kwenye Debian na Ubuntu zinakuja ndani ya kifurushi kimoja kinachoitwa `testdisk`. Kwa sababu hiyo watu huzichanganya, wakaitumia moja mahali pa nyingine, kisha wakasema haifanyi kazi.

TestDisk inasoma mfumo wa faili. Inafuata kumbukumbu zilizobaki kuhusu faili: jina, ukubwa, tarehe, mahali lilipoanzia. Kwa hiyo inarudisha faili na jina lake, ndani ya folda yake. Lakini inaweza kufufua faili lililofutwa kwenye FAT, exFAT, NTFS na ext2 tu. Kwenye ext4, ambayo ndiyo iliyomo kwenye kompyuta nyingi za Ubuntu, Mint na Debian, haifufui.

PhotoRec haijali mfumo wa faili hata kidogo. Inapita diski sekta kwa sekta ikitafuta alama za mwanzo wa aina za mafaili inazozijua: picha ya JPEG inaanza hivi, PDF inaanza hivi, ODT inaanza hivi. Inatambua viambishi zaidi ya 480. Kwa hiyo inafanya kazi kwenye FAT, ext4, btrfs, hata kwenye kadi iliyofomatiwa. Gharama yake ni kwamba majina yote yamepotea, folda zote zimepotea, na unapewa rundo.

Chukua flashi ya GB 16 ya mwalimu wa skuli ambaye amefuta folda ya mitihani. Flashi za dukani kwa kawaida ni FAT32 au exFAT. Hapa TestDisk ndiyo ya kuanza nayo, bila mjadala. Unaiita kwa `sudo testdisk`, unachagua flashi, unakubali aina ya jedwali la patisheni inayopendekezwa, unaingia Advanced, kisha Undelete. Yaliyofutwa yanatokea kwa rangi nyekundu. Unaweka alama kwa kitufe cha nukta mbili (:), unabonyeza C kubwa, unachagua pa kuyaweka, na si kwenye flashi ile ile. Dakika chache umemaliza, na mitihani inarudi na majina yake. Usishangae ukiona jina limeanza kwa mstari wa chini badala ya herufi: FAT ikifuta hubadilisha baiti ya kwanza ya jina fupi.

TestDisk ina udhaifu mmoja kwenye FAT. Mnyororo unaounganisha vipande vya faili hufutwa pamoja na faili, kwa hiyo programu inachukulia kwamba faili limekaa mfululizo. Kwa mtihani wa kurasa nne hiyo ni kweli mara nyingi. Kwa video ndefu kwenye flashi iliyojaa na kufutwafutwa, unaweza kupata faili lenye ukubwa sahihi lisilofunguka.

Sasa kadi ya kamera. Mpiga picha mmoja wa Chake Chake alivuka na boti akiwa na kadi ya GB 32 mfukoni, imefungwa kwenye kitambaa. "Kaka, nimeifomati ndani ya kamera. Harusi yote imo humu." Nikamuuliza jambo moja tu: "Umepiga picha nyingine baada ya hapo?" "Hata moja." Kwa jibu hilo nilijua kuwa kazi ipo na matumaini yapo.

TestDisk hapa haikuwa na la kusema, maana kufomati kumeandika orodha mpya tupu. Ni zamu ya PhotoRec. Tuliichagua kadi, tukaenda File Opt tukazima kila kitu isipokuwa `jpg` na aina ya picha mbichi ya kamera yake, ili tusiletewe takataka. Mfumo wa faili tukachagua Other, kwa sababu swali hilo linatenganisha familia ya ext na mengine yote. Kisha likaja swali linalowababaisha wengi: Free au Whole? Free inatafuta kwenye nafasi iliyotangazwa wazi tu, inafaa pale mafaili machache yamefutwa na mengine yako salama. Whole inatafuta kila mahali, inafaa pale mfumo wenyewe umefomatiwa au umeharibika. Tukachukua Whole, tukaelekeza matokeo kwenye diski ya nje, tukaiacha.

Kinachotoka ni folda zinazoitwa `recup_dir.1`, `recup_dir.2` na kuendelea, kila moja na mafaili yasiyozidi 500 hivi, yenye majina kama `f0284672.jpg`. Namba ile ni sekta faili lilipoanzia. Yanayoanza na `t` badala ya `f` ni vijipicha vidogo vilivyokuwa ndani ya picha kubwa, unaweza kuvifuta vyote kwa pamoja. Mpangilio umepotea, lakini kamera huandika saa na tarehe ndani ya kila picha, na exiftool inaweza kuzipa picha majina upya kwa kufuata saa hiyo:

`exiftool '-FileName<DateTimeOriginal' -d %Y%m%d_%H%M%S%%-c.%%e recup_dir.*`

Mara moja harusi inajipanga yenyewe: kupambwa kwa bi harusi asubuhi, ndoa msikitini baada ya alasiri, karamu usiku. Kwa picha, basi, kupoteza majina si msiba. Kwa folda ya mkaguzi yenye mafaili elfu ya hesabu ambayo jina ndilo linalosema ni ya mwezi gani, ni msiba kweli, na huko PhotoRec iwe ya mwisho.

Nitasema jambo ambalo miongozo mingi ya programu hizi haiwezi kulijua. PhotoRec haichagui. Itakuletea harusi ya leo, na itakuletea pia harusi ya wateja wa miezi iliyopita ambao picha zao zilishafutwa kwenye kadi ile. Huku kwetu picha za kesha na za kupamba ni za wanawake walioketi bila mtandio, wakiamini kwamba hakuna macho ya mwanamme yatakayoziona. Kama kadi ina picha za namna hiyo, sababu ya kufanya kazi hii mwenyewe, au kumpa fundi mwanamke, ni kubwa kuliko suala la bei. Mpe mwenye kadi diski yake, kaa naye, chambueni pamoja, na mabaki yafutwe mbele yake. TestDisk ni bora kwa upande huu pia: unaona orodha ya majina kwanza, unachukua unachokitaka tu.

ext4magic na extundelete: kwa diski ya Linux yenyewe

Hapa ndipo penye ugumu. Mfumo wa ext4, uliotangazwa kuwa tayari kwa matumizi na kerneli ya 2.6.28 mwishoni mwa 2008, ukifuta faili hausafishi data, lakini unafuta ramani iliyomo ndani ya inodi, yaani maandishi yanayosema data iko sehemu zipi za diski. Jina linaweza kubaki kwenye folda kama kivuli, ramani haipo. Ndiyo sababu `debugfs` na amri yake ya `lsdel`, iliyokuwa tegemeo zama za ext2, kwenye ext4 kwa kawaida haikupi kitu.

Kinachoweza kukuokoa ni daftari la mabadiliko ambalo ext4 hulitunza ili isiharibike umeme ukikatika. Ndani yake kunaweza kuwa na nakala ya inodi kama ilivyokuwa kabla ya kufutwa, na ramani yake kamili. Extundelete na ext4magic zote mbili zinachimba humo. Ila daftari hilo ni la mzunguko, lina ukubwa wenye mpaka, na kompyuta ikiendelea kutumika nakala ya zamani inafunikwa na mpya. Aliyezima baada ya dakika tano na aliyezima jioni hawako sawa hata kidogo.

Kati ya mbili hizo, extundelete ndiyo inayotajwa zaidi, na ndiyo nyepesi kuandika:

`sudo extundelete /dev/sda3 --restore-file salma/Nyaraka/tasnifu.odt`

Inaweka matokeo kwenye folda `RECOVERED_FILES` pale ulipo, kwa hiyo ingia kwanza kwenye diski ya nje ndipo uiite. Lakini toleo lake la 0.2.4 ni la mwaka 2013, na mwaka 2016 zana za ext4 zilianza kuwasha kwa kawaida vipengele vipya, vikiwemo `64bit` na `metadata_csum`. Kwenye diski zilizoundwa baada ya hapo mara nyingi extundelete huanguka katikati ya kazi bila kutoa kitu. Kwa diski ya zamani ijaribu. Kwa kompyuta iliyowekewa Linux miaka ya karibuni nisingeanza nayo.

Ext4magic nayo si changa, na maelezo yake yanachosha kuyasoma, lakini inakupa mamlaka zaidi juu ya wakati, na wakati ndio kila kitu hapa:

`sudo ext4magic /dev/sda3 -a $(date -d "-3hours" +%s) -f salma/Nyaraka -r -d /mnt/nje`

Unaiambia: tazama yaliyofutwa ndani ya saa tatu zilizopita, kwenye folda hii, nirudishie yale tu ambayo sehemu zake hazijafunikwa, weka kule. Majina na folda vinarudi. Usipoitajia muda, hutazama saa 24 za nyuma. Kwa aliyefanya `rm -rf` kwenye patisheni nzima, chaguo la `-M` hujaribu pia kutafuta kwa alama za mwanzo wa mafaili, kidogo kama PhotoRec. Angalia njia ya folda: kama `/home` ni patisheni ya peke yake, njia inaanzia `salma`, si `home/salma`. Kosa hilo dogo humfanya mtu adhani hakuna kilichosalia.

Tasnifu ya mwanafunzi iliyofutwa kwenye diski ya kuzunguka yenye ext4 ningeifanyia hivi: kuzima, kuwasha kwa flashi, ext4magic kwanza kwa ajili ya jina na folda, na ikishindwa, PhotoRec ikiwa imewashiwa `zip` na `doc` tu. ODT na DOCX kwa ndani ni zip, PhotoRec inazitambua na kuzipa kiambishi chake sahihi. Rundo la nyaraka litakuwa kubwa, lakini sentensi moja ya tasnifu unayoikumbuka inatosha kulitafuta.

Foremost, Scalpel, na za kampuni

Foremost ilizaliwa kwenye ofisi ya upelelezi ya jeshi la anga la Marekani, na Scalpel ilitokana nayo mwaka 2005. Zote zinafanya kazi ya namna ya PhotoRec: kutafuta kwa alama, kupoteza majina. Foremost ina jambo moja zuri, inapanga matokeo kwa aina, `jpg` kwake, `pdf` kwake, na kuandika ripoti kwenye `audit.txt`. Kwa mchunguzi anayejiandikia aina yake mwenyewe ya alama, zinafaa. Kwa mtu anayetaka picha zake, PhotoRec inajua aina nyingi zaidi na sioni sababu ya kuiacha.

R-Linux ni ya bure ingawa msimbo wake haukuwekwa wazi, inasoma ext4, na ina madirisha ya kubonyeza kwa anayeiogopa terminali. Programu za kulipia kama UFS Explorer na R-Studio zina nguvu kwenye mambo mazito, hasa diski kadhaa zilizoungwa kuwa moja kwa RAID. Matoleo yao ya majaribio hukuonyesha kinachoweza kurudi kabla hujalipa. Tumia hilo: ona kwanza, lipa baadaye. Na programu yoyote ya kulipia inayoahidi kurudisha data iliyopitiwa na TRIM, iepuke.

Faili lililofutwa na diski iliyojeruhiwa

Wanaokumbuka giza la Unguja la kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanajua umeme unavyoweza kututenda. Kompyuta ikizimika ghafla katikati ya kuandika, au kituo cha jenereta kikirusha volti, folda inaweza kutoweka bila mtu kufuta chochote. Uamuzi hapa unageuka. Usikubali upesi pale mashine inapopendekeza `fsck`. Fsck inatengeneza mfumo wa faili, haiokoi mafaili, na ukarabati wake wenyewe ni kuandika juu ya diski. Kama patisheni nzima imepotea machoni, TestDisk ndiyo mahali pake hasa: kutafuta patisheni zilizopotea, za ext4 zikiwemo, ndiyo kazi iliyoundwa kwayo tangu mwanzo.

Kama diski inasoma kwa kusuasua, na kama kazi ni ya thamani kiasi chochote, chukua kwanza nakala kamili kwa ddrescue, ambayo kwenye Debian na Ubuntu kifurushi chake kinaitwa `gddrescue`:

`sudo ddrescue -d /dev/sdb /mnt/nje/diski.img /mnt/nje/diski.map`

Inasoma sehemu nzima kwanza, inaziruka mbovu, kisha inazirudia. Faili la `.map` linaiwezesha kuendelea ilipoishia umeme ukikatika, na kwetu hilo si jambo dogo. Programu kama TestDisk na PhotoRec zinaweza kufanyia kazi `diski.img` badala ya diski yenyewe, kwa hiyo unaweza kujaribu TestDisk, ukashindwa, ukajaribu PhotoRec, bila kuigusa tena asili. Tatizo ni nafasi tu: diski ya GB 500 inataka GB 500 za kuiwekea. Wawili watatu wenye studio mtaa mmoja wanaweza kuchangiana diski moja kubwa ya nje kwa kazi hiyo, na iwe inakaa tupu.

Kwa kadi au flashi nzima isiyo na hitilafu, nakala hii si lazima, ila mimi huichukua kila mara kadi ikiwa ni ya mtu mwingine.

Na diski inayogonga, tak tak tak, kisha ikanyamaza, haina la kufanya na programu hata moja kati ya hizi. Kila mara unapoiwasha, kichwa cha kusomea kinaweza kukwaruza zaidi. Ichomoe umeme, usiifungue, usiiweke kwenye friji kama wasemavyo watu. Hiyo inataka maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na anayekutajia bei kabla ya kuitazama ni wa kumkwepa.

Ukimpelekea fundi, andikianeni mambo mawili kabla hajaigusa: kwamba atafanyia kazi nakala, si kadi yako, na kwamba malipo yanafuata mafaili utakayoyafungua mwenyewe ukayaona. Faili lenye jina na ukubwa sahihi halitoshi. Fungua picha kumi za mwanzo, kumi za katikati na kumi za mwisho, cheza video mpaka ukingoni, ndipo umlipe.